Kompyuta ya gari haifi kirahisi: namna ya kuipima kabla ya kununua nyingine

Katika garaje za Goma, kuanzia Birere hadi zile zilizojipanga kando ya barabara ya kwenda Sake, kuna kauli moja inayomvunja nguvu mwenye gari: "Kalkilateri imekufa," yaani kompyuta ya injini imeharibika. Anayeambiwa hivyo huwa hana la kujibu, kwa sababu kompyuta ya injini haionekani ikifanya kazi. Haivuji mafuta, haigongi, haitoi moshi. Kinachobaki ni kuamini na kutafuta pesa. Kisanduku kingine kinasakwa, kama si hapa mjini basi Kampala katika soko la Kisekka, au kwa ndugu aliyeko Dubai. Wiki zinapita gari likiwa limeegeshwa, na kama ni gari la teksi, nyumbani wanaisikia hasara kila jioni. Kisanduku kinafika, kinafungwa, na gari linabaki vilevile. Au linawaka siku chache, kisha kisanduku cha pili nacho kinaungua.

Hasara hiyo inaepukika, na ndiyo sababu ya makala hii. Kompyuta ya gari ni kifaa kigumu kuliko inavyodhaniwa. Mara nyingi inaposhtakiwa, ubaya uko kwenye umeme unaoilisha, kwenye waya wa kurudisha umeme, au kwenye sensa fulani inayoivuta chini. Na pale inapokuwa imeharibika kweli, swali la kwanza liwe ni nini kilichoiharibu, maana aghalabu kitu hicho bado kimo garini, na kitakiunguza kisanduku kipya kama kilivyounguza cha zamani.

Kisanduku hicho hufanya nini

Si kila gari lina shida hii. Land Cruiser za injini ya 1HZ, zile ndefu zinazobeba watu wa mashirika kwenda Masisi na Rutshuru, hupeleka dizeli kwa pampu ya kimakanika. Hakuna kompyuta inayopima mafuta yake, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazofanya zipendwe kwenye njia mbaya. Lakini RAV4, Noah, Ist, Vitz na karibu kila gari dogo la petroli linalopanda huku kutoka Mombasa au Dar es Salaam haliwaki bila kisanduku hicho.

Kisanduku hupokea habari kutoka kwa sensa: mzunguko wa kranki na wa kamshafti, kiasi au mgandamizo wa hewa inayoingia, joto la maji, nafasi ya pedali ya mafuta, oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Kwa habari hizo hukokotoa, tena na tena ndani ya sekunde moja, ni lini kila injekta ifunguke na kwa muda gani, na ni lini kila koili irushe cheche. Ndani yake mna kishusha umeme kinachogeuza volti 12 za betri kuwa volti 5 zisizoyumba, mna prosesa, mna memori yenye programu na takwimu za injini ile, halafu mna transista za nguvu zinazoendesha injekta, koili na rilei (swichi zinazofungwa na kufunguliwa kwa umeme).

Transista hizo zimesababisha kosa moja la upimaji ambalo limegharimu watu wengi. Fundi anachomoa soketi ya injekta, anatafuta volti 12 zinazotoka kwenye kompyuta, hazipati, anatangaza kwamba kompyuta haitoi umeme. Kumbe kwenye magari mengi kompyuta haitakiwi kutoa umeme huo hata kidogo. Volti 12 huifikia injekta moja kwa moja kupitia rilei kuu. Kazi ya kompyuta ni kufunga na kufungua njia ya kurudi kwenye masi, yaani kwenye ncha hasi ya betri. Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kuangalia. Je, waya mmoja wa soketi una volti 12 swichi ya funguo ikiwa imefunguliwa, yaani umeme umewashwa? Na je, waya wa pili unavutwa chini kwa mapigo stata inapozungusha injini? Taa ndogo ya LED ya kupimia injekta, ikichomekwa kati ya nyaya hizo mbili, itamemeteka. Ikimemeteka, kompyuta inaiongoza injekta hiyo, na mafuta yasipofika shida itafutwe kwenye pampu, kwenye chujio au kwenye injekta yenyewe.

Taa na skana

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote. Fungua swichi bila kupiga stata, kisha tazama taa ya injini kwenye dashibodi. Inatakiwa iwake. Ikiwaka, na skana, yaani kifaa cha kusoma hitilafu, ikaongea na gari, basi kishusha umeme kinafanya kazi na prosesa iko hai. Haina maana kwamba kila kitu ndani ni kizima, kwani transista ya koili moja inaweza kuwa imeungua huku prosesa ikiwa salama, lakini wasiwasi mwingi unaondoka. Taa isipowaka, na balbu yake si mbovu, kompyuta haipati umeme, au haina masi, au volti 5 zake zimezamishwa. Hoja ya kwamba imekufa inangoja mpaka hayo matatu yapimwe.

Kuhusu skana, kuna jambo ambalo sisi wa mashariki mwa Kongo tunahitaji kulijua kuliko watu wa Ulaya. Soketi ya uchunguzi ya pini 16 na lugha zake za pamoja zilifanywa lazima Marekani kwa magari ya 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001, ya dizeli yakafuata miaka michache baadaye. Magari yaliyoundwa kwa ajili ya soko la Japani lenyewe, yale ya usukani wa kulia yaliyojaa hapa kwetu, hayakubanwa na sheria hizo. Mengi ya miaka ya 1990 na ya mwanzoni mwa 2000 yana soketi ya umbo lilelile, lakini yanazungumza lugha ya kiwanda chao. Kile kifaa kidogo cha Bluetooth kinachouzwa kwa bei nafuu, chenye jina la ELM327, kikisema hakipati mawasiliano kwenye gari kama hilo, hakijathibitisha lolote kuhusu kompyuta. Kwenye Toyota za zamani kuna njia isiyohitaji skana kabisa: chini ya boneti kuna kisanduku cha uchunguzi chenye matundu yaliyoandikwa TE1 na E1. Yaunganishe kwa kipande cha waya, fungua swichi, na taa ya injini itahesabu misimbo ya hitilafu kwa kumemeteka. Kompyuta inayohesabu misimbo haijafa.

Msimbo nao usomwe kwa uangalifu. P0335 hutajwa kila siku kama "sensa ya kranki mbovu", ilhali unachosema ni kwamba habari za mzunguko wa kranki hazikufika kama zilivyotarajiwa. Sensa inaweza kuwa nzima na waya umekatika, au soketi imelegea, au jino la gurudumu linalosomwa limevunjika. P0201 unataja njia ya injekta ya kwanza, P0351 njia ya koili ya kwanza. Ipo misimbo inayoitaja kompyuta yenyewe, kama P0601 wa memori, P0605 na P0606 wa prosesa, na hiyo ipewe uzito. Hata hivyo, ikitokea pamoja na P0562, ambao unasema volti za gari zilishuka, nenda kwanza kwenye betri na altaneta, kwa sababu kompyuta iliyonyimwa umeme huweza kujishtaki bure. Betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6, injini ikinguruma, altaneta nzuri huipandisha hadi kati ya 13.8 na 14.5 hivi.

Umeme, masi na volti 5

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo ningependa fundi kijana atumie muda wake mwingi.

Anza na umeme unaoingia. Toyota nyingi zina mpangilio unaofanana: waya wa BATT unaleta umeme wa kudumu ili memori isisahau; waya wa IGSW unaiambia kompyuta kwamba swichi imefunguliwa; kompyuta inajibu kupitia MREL kwa kuivuta rilei kuu; rilei inarudisha umeme wa nguvu kupitia +B. Mlolongo huu ukieleweka, upimaji unakuwa mwepesi. BATT ipo, IGSW ipo, MREL inatoa lakini +B haipo: mlaumu rilei au fyuzi yake, ile iliyoandikwa EFI. Kuna gari zinazobadilishiwa kompyuta kwa sababu ya rilei ambayo mguu wake umeungua.

Kisha masi. Watu huipima kwa mlio wa multimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi: ikilia, wanaridhika. Mlio huo unadanganya. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utalia vizuri kabisa, kwa kuwa multimita inapitisha umeme mdogo mno, lakini mzigo wa kweli ukija uzi huo hauwezi kuubeba. Kipimo cha kuaminika hufanywa mzigo ukiwepo. Weka multimita kwenye volti za DC, ncha nyekundu kwenye waya wa masi pale unapoingia kwenye soketi ya kompyuta, kwa nyuma, bila kuichomoa. Ncha nyeusi kwenye ncha hasi ya betri yenyewe, si kwenye bodi. Washa taa, washa feni, mwambie mwenzako apige stata. Namba isizidi volti 0.1 au hapo karibu. Ikipanda hadi nusu volti, umepata ugonjwa ambao skana haikuwa na jina lake: kompyuta husoma sensa kwa sehemu ndogo za volti, na masi ikiinuka, sensa zote zinaonekana kusema uongo kwa pamoja. Gari linatetemeka, gia zinachelewa kubadilika, sindano ya joto inaruka. Dawa inaweza kuwa boliti iliyofungwa juu ya rangi mpya baada ya gari kupigwa rangi, au ule mkanda wa shaba kati ya injini na bodi uliolika kwa kutu.

Na tafadhali, nyaya zisitobolewe kwa sindano ya taa ya kupimia. Goma ina mvua nyingi, na moshi wa Nyiragongo huifanya mvua ya upande wetu kuwa na asidi. Angalia tu jinsi mabati ya nyumba yanavyoliwa. Tundu dogo kwenye mpira wa waya leo ni shaba ya kijani miezi michache ijayo. Pini nyembamba inayopenyezwa kwa nyuma ya soketi inatosha.

Volti 5 ndizo zinazowachanganya hata mafundi wazuri. Kompyuta huzitengeneza ndani na kuzigawa kwa sensa kadhaa kupitia njia moja ya pamoja. Sensa hizo ni kama watoto wanaokula kwenye sahani moja: mmoja akiimwaga, wote hulala njaa. Chukua mfano wa gari ambalo haliwaki kabisa. Taa ya injini haiwaki, skana haipati mawasiliano, BATT na +B zipo, masi ni safi. Kila dalili inasema kisanduku kimekufa. Pima waya wa volti 5 kwenye soketi ya sensa ya pedali au ya mgandamizo wa hewa. Ukikuta sifuri au volti moja isiyo na nguvu, usifungue kompyuta. Acha multimita palepale, anza kuchomoa sensa zinazokula volti 5, moja baada ya nyingine. Ukichomoa moja na namba ikaruka hadi 5, taa ya injini ikawaka yenyewe, umeipata. Sensa hiyo, au waya wake uliochubuka na kugusa bodi, ilikuwa inaizamisha kompyuta nzima. Gari zenye misimbo mipya husema P0642 pale volti hizo zinaposhuka, lakini kompyuta iliyozama kabisa haiwezi kusema chochote. Ukichomoa sensa zote na volti 5 hazirudi, chomoa soketi za kompyuta zenyewe na upime kama waya huo umegusana na masi mahali fulani njiani. Ukiwa huru, na volti 5 bado hazipo kwenye pini ya kompyuta, basi sasa una haki ya kukishuku kisanduku.

Magari mapya yana kompyuta nyingi zinazoongea kwa nyaya mbili zilizosokotwa, mtindo wa CAN uliotolewa na Bosch mwaka 1986. Zikinyamaza, msimbo wa U0100 utasema injini haijibu. Toa kebo ya betri, pima omu (ukinzani wa njia ya umeme) kati ya pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi ya uchunguzi. Panatakiwa kuwa na karibu omu 60, kwa sababu kuna vizuizi viwili vya omu 120, kimoja kila mwisho. Ukipata 120, njia imekatika upande mmoja. Ukipata karibu sifuri, nyaya zimegusana.

Kabla sijatoka kwenye vipimo, kuna namba moja ya hapa kwetu. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Vitabu vya ufundi vinavyosema sensa ya mgandamizo wa hewa isome karibu kilopaskali 101 swichi ikiwa wazi na injini imezimwa viliandikwa kwa watu wa pwani. Huku kwetu sensa nzima husoma karibu 85. Anayeifuata namba ya kitabu atatupa sensa nzima, kisha atatupa ya pili, halafu atailaumu kompyuta kwa "kusoma vibaya".

Kinachoviua visanduku hapa kwetu

Maji yanaua visanduku vingi. Kwenye Toyota nyingi za zamani kompyuta imekaa nyuma ya kisanduku cha glavu au pembeni mwa miguu ya abiria. Kioo cha mbele kilichobadilishwa na kugundishwa vibaya huvujisha mvua kidogo kidogo, maji yanafuata nyaya hadi kwenye soketi. Magari yenye kompyuta chini ya boneti yanaathirika kwa njia nyingine: injini inaoshwa kwa pampu ya nguvu, tena ikiwa ya moto.

Kisha mtikisiko. Barabara zetu zimelala juu ya mawe ya volkeno, na gari linalotoka Sake hadi mjini kila siku linatikisa kila kifundo cha risasi, yaani kila kiungo kilicholehemiwa, kilichomo ndani ya kisanduku. Udhaifu huu hata viwanda vikubwa unavipata: mwaka 2010 Toyota iliyaita tena garajeni kwa matengenezo zaidi ya magari milioni 1 ya Corolla na Matrix ya 2005 hadi 2008 katika Marekani na Kanada, kwa sababu nyufa zingeweza kutokea kwenye vifundo vya risasi au kwenye vifaa vidogo vya ulinzi ndani ya kompyuta ya injini. RAV4 za soko la Marekani za 2001 hadi 2003 zenye gia otomatiki zinajulikana kwa ubaya wa aina hiyohiyo, ila dalili yake hujitokeza kwenye gia, ambazo hugonga kwa nguvu zinapobadilika. Watu wamenunua gia boksi nzima kwa ajili ya risasi iliyopasuka kwenye bodi ya saketi. Ufa wa namna hii una tabia zake: gari linakata likipata moto, linapoa, linawaka tena, au linakata kwenye shimo. Kugonga kisanduku taratibu kwa mpini wa bisibisi injini ikiwaka, au kukipasha kwa hewa ya mashine ya kukaushia nywele, huweza kuudhihirisha ugonjwa huo ukiwa bado garajeni.

Yanayofuata tunajifanyia wenyewe. Kutoa kebo ya betri injini ikinguruma ili kuona kama altaneta "inachaji" ni mazoea mabaya yanayopaswa kukoma. Altaneta iliyokuwa inasukuma ampea nyingi, ikinyang'anywa betri ghafla, huweza kurusha volti zaidi ya 80 kwa sehemu ya sekunde. Multimita ya bei ndogo inapima altaneta bila hatari yoyote. Kuchomelea chesisi bila kutoa kebo za betri ni hatari hiyohiyo, na chesisi huku zinachomelewa sana. Kugeuza kebo wakati wa kuazima umeme wa betri ya jirani kunaweza kumaliza kisanduku mara moja.

Na kuna muuaji wa kimya: koili, injekta au vali ya silensa (inayoongoza mzunguko wa injini pedali isipokanyagwa) iliyopungua omu ndani kwa ndani. Inavuta ampea kuliko transista inavyoweza kubeba, transista inaungua, kompyuta inabadilishwa, kesho yake mpya inaungua palepale. Injekta za magari mengi ya petroli husoma kati ya omu 12 na 16. Kati ya nne, tatu zikisoma 13 na moja ikisoma 3, hiyo ndiyo iliyoua. Vipimo hivi huchukua dakika chache, na vifanywe kabla kisanduku chochote, kipya au kilichotengenezwa, hakijachomekwa.

Kukifungua

Umefika hapa kwa sababu umeme upo, masi ni safi, nyaya ni nzima na sensa hazizamishi kitu. Toa kebo hasi ya betri, ngoja kidogo, shika chuma tupu ili umeme wa mwilini utoke, kisha fungua kisanduku kwenye meza safi. Anza kwa kutazama na kunusa. Alama nyeusi huonyesha transista iliyoungua. Poda ya kijani au nyeupe ni njia ya maji. Harufu kama ya samaki hutoka kwenye kapasita zilizovuja, ugonjwa wa magari kadhaa ya Kijapani yaliyozeeka, Mitsubishi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikiongoza kwa sifa hiyo. Kimiminika chake hula njia za shaba, kwa hiyo kubadilisha kapasita pekee hakutoshi. Safisha bodi kwa alkoholi ya isopropili na brashi laini, kausha, halafu fuata kila njia kwa multimita. Petroli isitumike kusafishia. Kapasita mpya iwe na ujazo uleule, volti sawa au zaidi, ya daraja la nyuzi 105, na upande wake hasi ukae palipoandikwa.

Vifundo vilivyopasuka huonekana kwa lenzi kama duara jeusi jembamba kuzunguka mguu wa kifaa, hasa kwenye pini za soketi na vifaa vizito. Ondoa vanishi iliyofunika bodi mahali hapo, weka flaksi (dawa ya kusaidia risasi kushika), gusa kwa pasi ya kulehemu yenye ncha safi, ongeza risasi mpya kidogo, kisha rudisha vanishi. Kifundo kizuri hung'aa na kuukumbatia mguu.

Kwa transista, bodi yenyewe inakupa kipimo cha kulinganishia. Injekta nne zina transista nne zinazofanana. Weka multimita kwenye alama ya diodi, pima ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kwa mpangilio uleule. Tatu zikisema namba ileile na ya nne ikasema sifuri, huhitaji mchoro wa kiwanda. Soma namba iliyo mgongoni mwake, tafuta ileile.

Lakini kuna visanduku vya kuviacha. Vile vilivyojazwa jeli au kugundishwa kwa gundi ngumu, na vile ambavyo chipu zake zina miguu iliyofichwa chini ya tumbo, vinahitaji mashine za hewa moto na mkono uliozoea. Kumwambia mteja "hiki sikiwezi" kunamlinda kuliko kukijaribu. Vilevile kuandika programu upya: volti zikishuka katikati ya uandishi, kisanduku kilichokuwa na uhai kinaweza kufa hapohapo. Umeme wa mjini ukikatika chaja inazima, basi betri ya pili iunganishwe sambamba na ya gari, na kompyuta ya mezani isitumike. Tumia laptopu yenye betri yake iliyojaa.

Ikibidi kubadilisha

Linganisha namba yote iliyo kwenye stika, mpaka tarakimu ya mwisho. Kwenye Toyota namba za kompyuta ya injini nyingi huanza na 89661, na wauzaji hupenda kuishia hapo. RAV4 mbili za kizazi kimoja, zote za lita 2, zinaweza kuwa na injini tofauti: ya soko la Japani 1AZ-FSE inayonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ya nchi nyingine 1AZ-FE ya kawaida. Kwa macho visanduku vyao vinafanana. Kimoja hakiendeshi injini ya mwenzake.

Gari lenye funguo ya chipu litakataa kisanduku cha gari jingine: stata inazunguka, injini inawaka sekunde moja na kuzima, au haiwaki kabisa. Siri ya funguo imehifadhiwa kwenye chipu ndogo ya memori, mara nyingi yenye miguu 8. Fundi mwenye kisomea memori anaweza kunakili yaliyomo kwenye kisanduku cha zamani na kuyaweka kwenye kipya. Kwa sababu hiyo kisanduku cha zamani kisitupwe wala kuachwa garajeni kabla ya gari kuwaka, hata kama kimeungua; transista zimeteketea lakini memori huenda ni nzima. Kwenye baadhi ya Toyota, kuunganisha pini ya 4 na ya 13 za soketi ya uchunguzi na kuacha swichi wazi kwa dakika 30 hufanya kompyuta mpya ikubaliane na kisanduku kingine kidogo, kile cha kulinda gari lisiibwe. Ukinunua cha mtumba, omba uuziwe pamoja na kisanduku hicho cha kulinda wizi na funguo zake. Seti nzima huondoa mabishano hayo yote.

Mwenye gari asiyejua ufundi naye ana la kufanya. Aombe namba: volti za +B kwenye soketi ya kompyuta, volti za masi wakati wa stata, volti za njia ya 5, na omu za kila koili na injekta. Fundi aliyepima atazitaja bila kuhangaika. Asiyezijua hajapima bado, na pesa ya kisanduku ingoje.

Kisanduku kikirudishwa, kifungwe kwenye mpira wake wa kuzuia mtikisiko, si kwa waya wa kufungia mzigo, na nyaya zake zipinde kuelekea chini kabla ya kupanda kwenye soketi ili maji yadondoke njiani. Baada ya betri kurudi, injini inaweza kunguruma juu au kutetemeka kidogo kwa dakika kadhaa wakati kompyuta inajifunza upya. Hiyo si hitilafu. Futa misimbo, endesha gari mpaka lipate moto kabisa, lipitishe kwenye barabara mbaya, lilaze. Asubuhi liwashe likiwa baridi, soma misimbo tena, ndipo malipo ya mwisho yatolewe.